Namna ya Kupunguza Mikwaju: Mwongozo kwa Mcheza Gofu wa Ridhaa

Mchezaji wa ridhaa, yaani yule anayetafuta riziki yake mahali pengine na kuuendea uwanja wa gofu kwa mapenzi tu, aghalabu huamini kwamba kinachomtenga na mchezo mzuri ni upungufu wa nguvu: laiti mpira wake wa kwanza ungalikwenda yadi 30 mbele zaidi, hudhani, mambo yake yote yangalinyooka. Kwa imani hiyo hubadilisha draiva kila mwaka, hukaza misuli, hukunja uso, na jioni kadi yake huonyesha hesabu ile ile ya mwaka jana. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Nasema kwamba mchezaji wa daraja la kati, ambaye humaliza mashimo 18 kwa mikwaju 90 hadi 110, hapungukiwi na mikwaju mizuri, kwani katika kila mzunguko huipiga kadhaa ambayo hata stadi asingeionea haya. Kinachomwangusha ni mikwaju inayopotea bure, naye haijui idadi yake wala mahali inapopotelea, kwa sababu hajapata kukaa kitako akaihesabu.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita mwalimu na kabla ya kununua kitu chochote, anza na daftari. Mwenye duka asiyejua ni bidhaa ipi inayomla mtaji hawezi kuiponya biashara yake kwa kupaka mlango rangi, na mcheza gofu asiyejua mikwaju yake huishia wapi yu katika hali hiyo hiyo. Kwa mizunguko mitano mfululizo, andika kwa kila shimo mpira wako wa kwanza uliangukia wapi, adhabu ulizotozwa, mikwaju uliyotumia kuanzia yadi 50 mpaka mpira ukatulia juu ya grini, na mara ulizousukuma kwa pata, ile fimbo bapa ya kwenye grini, mpaka ukaingia shimoni. Visingizio usiviandike, upepo uliovuma ulivuma kwa wote.

Ukishajumlisha, yamkini kitakachokushtua kwanza ni adhabu. Mpira uliopotea, au uliovuka mipaka ya uwanja, humrudisha mchezaji pale alipopigia na kumwongezea mkwaju mmoja, hata ule anaoupiga mara ya pili ukawa ni wa tatu kwa hesabu. Nao muda wa kuutafuta, ambao zamani ulikuwa dakika tano, tangu mwaka 2019 ni dakika tatu tu. Mipira mitatu ya namna hiyo kwa siku moja ni mikwaju sita, na mikwaju sita ndiyo tofauti iliyopo baina ya mtu wa 96 na mtu wa 90.

Hapa sharti nimtaje Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 2014 alichambua mikwaju mingi mno ya wachezaji wa kulipwa na ya wale wa ridhaa, akaubatilisha usemi uliozoeleka kwamba pesa ya gofu hupatikana kwenye grini. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti baina ya mchezaji hodari na mchezaji mnyonge hutoka katika mikwaju mirefu. Wapenzi wa draiva walifurahi mno kusikia hayo, wakadhani wamepewa ruhusa ya kuvunja miti. Mimi nayapokea kwa hadhari: kwa mtu wa kawaida, mkwaju mrefu humtia hasara mara nyingi zaidi kwa kwenda upande kuliko kwa kuwa mfupi, na yadi 20 zilizopungua katikati ya njia ni deni dogo ukizilinganisha na mpira uliolala chini ya mti wa mwarobaini.

Twaa, kwa mfano, shimo lenye kipimo cha mikwaju 4 na urefu wa yadi 380. Mchezaji wetu hushika draiva kwa kuwa ndivyo wanavyofanya wengine, mpira huingia majani marefu, naye, kwa kutaka kulipiza, huchukua fimbo ndefu ya pili ili aifikie grini kwa nguvu, mpira huruka futi sita na kurejea katika majani yale yale. Mwisho wake ni mikwaju saba, na huzuni. Lakini yadi 380 ni 170, na 120, na 90. Hakuna hata mmoja katika mikwaju hiyo mitatu ulio nje ya uwezo wa mtu mzima mwenye afya na mazoezi ya wastani, na baada ya hiyo mitatu yuko juu ya grini, anasukuma mara mbili, anaandika 5 na kwenda zake. Akifanya hivyo kila shimo, kwenye uwanja wenye kipimo cha mikwaju 72 atamaliza kwa 90, pasipo kupiga mkwaju hata mmoja wa kusimuliwa. Najua shauri hili halina utamu kwa vijana. Hata hivyo lijaribu mara moja, bila draiva mkobani, uone kadi itakavyosema. Na kama shimo ni pana na halina hatari, basi draiva si haramu.

Ama ule ugonjwa mkuu wa mchezaji anayepiga kwa mkono wa kulia, yaani mpira unaoanza vema kisha ukapinda kulia mpaka ukapotea, huo unazo sababu zinazojulikana, na ni afadhali kuzifahamu kuliko kuupiga vita kwa kubahatisha. Mpira huanza safari yake kwa kiasi kikubwa kuelekea pale uso wa fimbo ulipoelekea wakati wa kugusana, nao hupinda kwa sababu uso huo na njia ambayo fimbo inapita havikubaliani. Uso ukiwa wazi kuliko njia, mpira hupinda kulia. Sasa mchezaji, akiona mipira yake yakwenda kulia, hujielekeza kushoto ili afidie, na kwa kujielekeza huko fimbo yake huzidi kuukata mpira kutoka nje kuja ndani, tofauti ya uso na njia huongezeka, na mpira huzidi kupinda. Dawa aliyojiandikia ndiyo inayomuua. Anza na mikono: shika fimbo hivi kwamba, ukitazama chini, uone vifundo viwili, ama vitatu, vya mkono wako wa kushoto, na uishike kwa ulaini, kwani mkono uliokakamaa haugeuki kwa wakati wake. Kisha laza fimbo moja ardhini, ielekee sambamba na shabaha yako, usimame miguu yako ikiifuata. Watu wengi hushangaa kuona kwamba kwa miaka walikuwa wakisimama kuelekea mahali ambapo hawakupataka.

Kosa la pili kwa ukubwa ni tamaa ya kuunyanyua mpira. Fimbo za chuma zimeumbwa na mwinamo, na mwinamo huo ndio unaoupandisha mpira hewani. Kazi ya mchezaji ni kushuka juu ya mpira, si kuuchota. Anayeuchota huegemea mguu wa nyuma, fimbo hugusa ardhi kabla ya mpira au hupaa ikaugusa utosini, na mpira hutambaa. Kuna zoezi moja tu ninalolitia maanani kwa jambo hili, nalo halina gharama. Chora mstari mchangani au kwenye udongo, simama kana kwamba mpira uko juu ya mstari, upige bila mpira, kisha tazama fimbo ilipokwangua. Alama ikianza kwenye mstari au mbele yake, kuelekea shabaha, mambo ni mazuri; ikianza nyuma, uzito wako ulibaki mguu wa nyuma. Rudia mpaka alama ihame. Mwalimu anafaa sana, na kama waweza kumlipa mlipe, lakini mstari huu hauna upendeleo wala haubembelezi mtu.

Tukikaribia grini, mambo huwa mengi zaidi na yenye raha zaidi. Seve Ballesteros wa Uhispania, ambaye mwaka 1978 alishinda mashindano ya Kenya Open, alijifunza mchezo akiwa mtoto katika ufuko wa Pedreña kwa fimbo moja ya chuma namba tatu, na kwa fimbo hiyo ilimbidi abuni kila aina ya mkwaju, wa juu, wa chini, wa kutoka mchangani na wa kupita kando ya kizuizi. Sheria inakuruhusu kubeba fimbo 14, lakini kwa anayeanza, saba au nane zatosha, na kuzijua hizo kunashinda kuzibeba zote. Karibu na grini kanuni ni hii: kama waweza kuubingirisha mpira, ubingirishe, kama huwezi, urushe chini chini kidogo, utue grini mapema, kisha ubiringike, na kuurusha juu sana iwe ni shauri la mwisho, pale ambapo kuna shimo la mchanga au mtaro katikati. Mchezaji wa ridhaa huigeuza kanuni hii juu chini kwa kuwa mkwaju wa juu unapendeza macho. Tena mkwaju wa juu unapoharibika huharibika vibaya, ilhali wa kubingirisha, hata ukikosewa, mara nyingi mpira hufika mahali unapoweza kuusukuma.

Katika nyanda za juu za Kenya jihadhari na majani ya kikuyu, ambayo ni mazito, yenye mashina yanayotambaa na kusokotana, na ambayo hukamata kichwa cha fimbo kama hujaipeleka kwa uthabiti. Hapo usiguseguse, shika imara kidogo kuliko kawaida na usimame karibu na mpira. Pwani utakutana zaidi na ukoka, ulio mwembamba na mkavu, ambapo mpira huweza kulala juu ya ardhi iliyo karibu tupu, na fimbo nzito ya chini hudunda. Huko, pata inayotumika kutoka nje ya grini ni rafiki mwema, wala usione aibu wanapokucheka. Mchanga hauhitaji maneno mengi: fungua uso wa fimbo, piga mchanga kiasi cha sentimeta tano nyuma ya mpira, na usisite katikati ya mkwaju. Wengi wanaokwama mchangani wamekwama kwa kusita.

Juu ya grini yenyewe, shimo lina upana wa milimita 108 na mpira una kama milimita 43, kwa hiyo nafasi ipo, ila si kubwa. Jipe moyo kwa kujua kwamba hata wachezaji wakuu wa kulipwa wa Marekani, kutoka futi nane, huingiza takriban nusu tu. Kama wao ni nusu, seuze wewe uliyetoka ofisini saa kumi? Basi usijilaumu kwa kukosa kutoka hatua tatu. Jilaumu kwa kusukuma mara tatu, na kosa hilo halitokani na mwelekeo bali na umbali. Mpira wa kwanza ulioachwa mfupi kwa mita mbili, au uliopitiliza mita mbili, ndio uliozaa msukumo wa tatu. Fanya zoezi la mita 10, ukikusudia mpira ukome ndani ya mita moja ya shimo, upande wowote. Halafu fanya la mita moja hiyo mpaka lisikutie hofu. Hayo mawili yatosha kwa mwaka mzima. Tangu mwaka 2019 unaruhusiwa pia kuiacha bendera shimoni unaposukuma ukiwa juu ya grini, na kwa mbali inakusaidia kuliona lengo.

Ukoka una tabia ya kulala upande mmoja, na mpira unaokwenda pamoja na ulazo huo hukimbia, na unaokwenda kinyume nao hukwama. Ukisimama nyuma ya mpira ukaona majani yanang'aa kwa weupe, yamelala kwenda mbele yako, sukuma kwa upole. Yakiwa meusimeusi, yamekuelekea, ongeza. Jambo hili kedi wako analijua kwa kila grini, kwa sababu ameitembea asubuhi na jioni, msimu wa masika na wa kiangazi. Mwulize. Nimeona mabwana wakubwa wakimtuma kedi kama punda, bila kumwuliza neno, kisha wakasukuma mpira upande ambao yeye alikwisha kuujua kuwa si wenyewe, akanyamaza kwa adabu. Mwamkie kwa jina lake, mwulize mpira utapinda wapi, na ukimwuliza basi msadiki. Na ukikosea kwa shauri lake usimkaripie mbele za watu, maana siku hiyo umejinyima shauri la mashimo yote yaliyosalia.

Hewa nayo ina hesabu yake. Nairobi, ambako klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, iko juu sana kuliko Mombasa, hewa yake ni nyepesi, na mkwaju unaokwenda yadi 150 pwani waweza kukaribia 160 huko juu. Mgeni kutoka pwani hupitiliza grini siku nzima, na mgeni kutoka bara akija kucheza mashimo 9 ya Mombasa Golf Club, kandokando ya bahari, hushangaa kuona mipira yake yote ni mifupi, tena huanza kupiga kwa nguvu, na hapo ndipo anapoharibikiwa. Badilisha fimbo, usibadilishe nguvu. Vivyo hivyo kwa upepo. Kaskazi inapovuma mwanzoni mwa mwaka, au kusi katikati yake, mtu anayepiga kuukabili upepo asikaze. Mpira uliopigwa kwa nguvu huzunguka zaidi, hupaa zaidi, na upepo huushika zaidi. Chukua fimbo moja au mbili ndefu kuliko unayoizoea, ishike chini kidogo, piga robo tatu ya nguvu, mpira upite chini.

Kuhusu mazoezi, mimi siwaamini wanaomwaga mipira mia na kuipiga yote kwa fimbo moja kuelekea upande mmoja. Mpira wa arobaini huwa mzuri kwa sababu mwili umezoea, lakini uwanjani hakuna mpira wa arobaini. Kuna mmoja tu, na unaofuata ni kwa fimbo nyingine na mahali pengine. Kwa hiyo baada ya kupasha mwili joto, badilisha fimbo na shabaha kwa kila mpira, na kabla ya kila mkwaju fanya matayarisho yale yale utakayoyafanya siku ya shindano. Mipira 40 iliyopigwa hivyo inazidi 100 ya kumwaga. Nusu ya muda wako, au zaidi, uwe karibu na grini, si kwa sababu huko ndiko kuliko na hasara yote, bali kwa sababu huko mtu wa miaka 60 aweza kuendelea kama mtu wa miaka 20.

Ghadhabu nayo hula mikwaju, ingawa daftari halina safu yake. Bobby Jones wa Atlanta, mchezaji wa ridhaa maisha yake yote na mwanasheria kwa kazi, alikuwa kijana wa kurusha fimbo, na mwaka 1921, katika mashindano ya Open pale St Andrews, alipokwama mchangani kwenye shimo la 11 aliokota mpira wake akaacha kushindana. Alijuta, akajifunza kujizuia, mwaka 1927 akashinda Open katika uwanja ule ule, na mwaka 1930 akatwaa mataji yote manne makuu ya zama zake kwa mwaka mmoja, kisha akastaafu akiwa na umri wa miaka 28. Ukiwa umepiga mkwaju mbaya, usiutengeneze kwa mkwaju wa ajabu unaofuata. Utoe mpira majanini kwa njia fupi iliyo salama, hata kama ni kwenda kando, kisha uanze upya. Na rafiki zako wanaokufundisha katikati ya mzunguko, kila mmoja kwa rai yake, washukuru kwa heshima, uwasikilize baada ya shimo la 18.

Imesalia habari ya handikapu, ambayo wengi huichukua kinyume. Katika utaratibu wa dunia nzima ulioanza mwaka 2020, handikapu hufanywa kwa wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya karibuni, na upeo wake ni 54. Maana yake ni kwamba handikapu huonyesha uwezavyo siku zako njema, wala si siku ya kawaida, na mtu wa 18 asitarajie kuifikia kila Jumamosi. Akiifikia mara moja katika mizunguko minne au mitano, yuko pale anapostahili. Kujua hili kunaondoa nusu ya manung'uniko klabuni.

Lakini hesabu hiyo yote haina maana iwapo mikwaju haiandikwi ilivyo. Mwaka 1925, katika U.S. Open, mpira wa Jones ulisogea majanini alipokuwa akijiandaa kuupiga, hakuna mwingine aliyeona, naye akajiongezea mkwaju; akamaliza sawa na Willie Macfarlane, na katika mchezo wa kuamua akashindwa. Wewe usijisamehe msukumo wa futi tatu uliokuwa haujaingia, wala usirudie mkwaju wa kwanza kwa kuwa ulikuwa hujapasha mwili joto, maana daftari lako litakudanganya na mazoezi yako yataelekea pasipohitajika. Ukimaliza, hesabu kadi yako shimo kwa shimo pamoja na mwenzako, itie sahihi, uirudishe siku hiyo hiyo: katika shindano la mikwaju, shimo ulilojiandikia pungufu hukutoa mashindanoni, na ulilojiandikia zaidi hubaki kama lilivyo.